Portativum na Positivum: Kinanda chenye kubebwa na kinanda chenye kukaa

Katika parokia moja ya Likasi korali imekusanya feza kwa kununua piano ya umeme, na sasa waimbaji wamegawanyika. Wengine wanataka piano ya jukwaani iliyo kubwa, yenye vibao 88 vizito kama vya piano ya kweli; ni mzigo wa watu wawili, tena haina vipaza-sauti ndani yake. Wengine wanataka ile nyepesi, ambayo kijana mmoja anaitia mgongoni na kupanda nayo juu ya pikipiki mpaka shapeli ya mbali. Wa kwanza wanasema kwamba mbele ya Mungu lazima kutoa sauti iliyo bora. Wa pili wanauliza: sauti bora inayobaki mjini, watu wa vijiji wataisikia siku gani? Padri wao alitaka kujua sisi tunawaza nini. Hatukumjibu upesi, kwa sababu tuliona kwamba ugomvi huu ni wa zamani kuliko umeme, na kwamba Kanisa lenyewe lilikwisha kuupa majina mawili ya Kilatini.

Mseminari aliyesoma Kilatini mwaka mmoja tu atafahamu. Portare ni kubeba. Ponere ni kuweka. Katika Ulaya ya zamani, tokea karne ya 13 hivi mpaka karne ya 16, palikuwa kinanda kidogo kiitwacho portativum. Mpigaji alikitundika kwa mkanda begani au alikiweka juu ya goti lake. Mkono wa kuume ulipiga vibao, na mkono wa kushoto ulivuta mvukuto nyuma ya mabomba. Ndiyo kusema alibaki na mkono mmoja tu wa kupigia, na wimbo wake ulikuwa mwembamba, lakini aliweza kutembea nao. Francesco Landini, yule kipofu wa Firenze aliyefariki mwaka 1397, amechongwa juu ya jiwe la kaburi lake akiwa na kinanda cha namna hiyo. Positivum kilikuwa kile kilichowekwa chini au juu ya meza: mtu mwingine alivuta mivukuto, naye mpigaji alikuwa huru na mikono yake miwili. Na juu ya hivi viwili kilikuwapo kinanda kikubwa cha kanisa, ambacho hakihami mpaka nyumba ibomolewe.

Wengi wetu tumeona sanamu ya Mtakatifu Sesilia iliyochorwa na Raffaello, ambayo leo iko Bologna. Sesilia anatazama mbinguni akisikiliza malaika, na portativum yake imeinama kichwa chini mikononi, mabomba yake yakianza kuponyoka. Walimu wanatufafanulia kwamba muziki wa dunia unanyamaza mbele ya muziki wa mbinguni, na ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kubeba kinanda juu ya barabara mbaya, akafika na kukuta vipande vimelegea, atamhurumia Sesilia kwa sababu nyingine pia.

Kwa nini kinanda kikubwa ni kizito? Sababu yake ni sauti nene. Bomba la wazi lenye kutoa do ya chini, ile ya mstari wa vibao vya mikono, lina urefu wa karibu mita 2 na nusu; ukitaka do iliyo chini yake tena, lazima mita 5 karibu. Hakuna hila ya kufupisha hesabu hii bila kupoteza kitu. Mwanzi wa filimbi wa mchungaji unafuata sheria ile ile.

Mtu aliyepata njia ya kuzunguka alikuwa fundi wa Paris, Alexandre-François Debain, aliyeandikisha harmoniamu yake mwaka 1842. Pahali pa mabomba aliweka vilimi vyembamba vya shaba, na pumzi ya mvukuto inavitikisa. Ulimi usiopita urefu wa kidole unatoa sauti nene ambayo ingalitaka bomba refu kuliko mtu. Ndivyo kanisa zima lilivyoingia ndani ya sanduku. Vilimi vina sifa nyingine ambayo wamisionari waliipenda: havilegei upesi kama nyuzi za piano wakati hewa inapobadilika kutoka kiangazi mpaka masika. Hasara yake ilikuwa wazi pia. Sauti ya ulimi inapita puani kidogo, haina kifua. Watu elfu wakiimba inafunikwa kabisa. Vumbi likiingia chini ya ulimi mmoja, sauti ile inanyamaza au inalia bila kukoma katikati ya Misa, na mende wanapenda sana ngozi ya mvukuto.

Huko Calcutta, katika Bara Hindi, fundi Dwarkanath Ghose aliipunguza harmoniamu tena kunako mwaka 1875, hata mtu akae chini na kuipiga kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukivuta mvukuto. Tazameni namna gani safari ilirudi palepale: portativum ilikuwa imezaliwa mara ya pili, na mpigaji alipoteza tena mkono wake mmoja.

Sasa tuje kwetu. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka ule ule walifika Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges katika Ubeleji, pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa Askofu na aliyeongoza Kanisa la Katanga mpaka kufa kwake mwaka 1958. Wasalesiani waliwafuata mwaka 1911. Mwaka 1913 reli ilifika Kambove, na hivi nchi ya Likasi ilifunguliwa kwa mashini za kuchimbia shaba. Kinanda cho chote, hata kizito, kingeweza kuja kwa gari-moshi mpaka stasioni. Lakini misioni hazikuwa zote penye stasioni. Kutoka reli mpaka kijiji mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulihesabiwa kilo 25 mpaka 30. Harmoniamu ya kanisa, ile ya kukanyaga kwa miguu, mara nyingi inapita uzito wa mtu mzima. Basi ilitaka watu wanne na miti ya kubebea, au ilibaki.

Tusipite hapa kwa haraka. Vitabu vya misioni vinatusimulia furaha ya siku kinanda kilipofika, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Majina ya wale waliokibeba hayamo kwa kawaida. Kazi ya upagazi katika Kongo ya wakati ule haikuwa mara zote kazi ya hiari, na wazee wetu walikuwa na nyimbo zao juu yake ambazo hazikupigwa kwa kinanda. Sisi tunaohesabu leo uzito kwa kilo, inafaa tukumbuke kwamba zamani ulihesabiwa kwa shingo.

Katika mwaka ule wa 1913, mbali na hapa, katika Gaboni, daktari Albert Schweitzer alifika Lambaréné. Alikuwa Mprotestanti, lakini juu ya jambo hili tunaweza kumsikiliza, maana alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa kinanda katika Ulaya. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye vikanyagio kama vya kinanda cha kanisa, iliyotengenezwa kwa nchi za joto. Ilisafiri ndani ya sanduku lililofunikwa bati ndani, na mwisho wa safari ilipakiwa juu ya mtumbwi mkubwa wa gogo moja, wenye kuweza kuchukua mzigo wa tani tatu. Schweitzer alichagua sauti, wala hakujuta: usiku baada ya kazi ya hospitali alijizoeza juu yake miaka na miaka. Lakini tuangalie vema. Piano ile haikutembelea kijiji hata kimoja. Ilikuwa chakula cha mtu mmoja aliyekihitaji kwa kuishi.

Wabenedikto wa Katanga walikuwa na jibu jingine, na kwa maoni yetu lilikuwa la akili kuliko yote: walileta wimbo wa Gregori, ambao hauna uzito. Wimbo ule ulizaliwa bila kinanda na unasimama bila kinanda. Walakini korali changa inashuka sauti, Credo iliyoanzwa juu inamalizika shimoni, na mwalimu aliyechoka anatafuta kitu cha kuwashikilia waimbaji. Hivi harmoniamu iliingia hata pale ambapo haikuhitajiwa.

Na hapo lilipatikana deni ambalo hatujalimaliza kulipa. Harmoniamu haiwezi kubadili sauti zake. Ulimi ukisha kukatwa umekatwa. Mwimbaji ndiye aliyebadilika. Lugha zetu, Kiluba, Kisanga, Kibemba, zina sauti za juu na za chini ndani ya neno lenyewe, na nyimbo zake zinapita kati ya vibao, pahali ambapo kidole hakipati kitu. Katekista aliyejifunza nyimbo kwa harmoniamu alizifundisha kama harmoniamu. Baada ya miaka thelathini tulianza kuita hiyo sauti ya kikanisa. Kwa kweli ilikuwa sauti ya kile kilichoweza kubebwa.

Na Roma, ilisema nini? Mwaka 1903 Papa Pio X, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu, alikataza piano kanisani, na pamoja nayo ngoma na vyombo vya makelele. Kinanda cha mabomba kilibaki mfalme. Tarehe 3 Septemba 1958, mwezi mmoja tu mbele ya kifo cha Pio XII, Roma ilitoa Maagizo mapya, na ndani yake uzito na sauti vimewekwa katika mizani waziwazi. Harmoniamu inaruhusiwa, lakini sauti yake iwe ya kufaa kwa kazi takatifu. Kinanda cha umeme kinavumiliwa kwa kitambo tu, pahali ambapo hapana feza za kununua hata kinanda kidogo cha mabomba, na kwa ruhusa ya Askofu kila mara. Neno hili "kuvumiliwa" linatufurahisha. Roma ilijua kwamba maskini hawangojei.

Lakini mwaka ule ule wa 1958, mbele ya Maagizo hayo, jambo jingine lilikuwa limetokea hapa Katanga. Tarehe 23 Machi, katika misioni ya Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliimbisha Missa Luba pamoja na vijana na walimu wa Troubadours du Roi Baudouin. Hapakuwa kinanda cha namna yo yote: sauti za watu na ngoma tu. Mwaka huo korali ile ilisafiri Ulaya, ikaimba katika Ubeleji, Uholanzi na Ujerumani. Walichukua vyombo vyao wenyewe, na sauti yao haikupungua njiani. Wale waliokuwa wakibishana, harmoniamu au kinanda cha mabomba, walikuta kwamba ngoma iliyokatazwa mwaka 1903 imewapita wote.

Likasi nayo ilikuwa na mwalimu wake, ijapokuwa hakuwa mtu wa korali. Mji uliitwa Jadotville tangu mwaka 1931 mpaka 1966. Huko, mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alikutana na kijana wa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda, akarekodi gitaa yake. Fikirini wawili hawa pamoja. Mmoja alikuja na gari lililojaa mashini za kurekodia, nzito, zenye kutaka umeme wake mwenyewe, kusudi sauti iwe safi. Wa pili alikuwa na gitaa moja ya mbao, na kwa vidole vichache alisikilizisha sauti mbili, ya juu na ya chini, kama watu wawili wanaozungumza. Mwenda alifariki mwaka 1990, na vijana wa Katanga bado wanatafuta vidole vyake. Tukisema kwamba chombo chepesi hakiwezi kuwa na sauti kamili, yeye anatukatalia.

Juu ya umeme tuseme kwa kifupi, maana wasomaji wengi wanaujua kuliko sisi. Mwaka 1935 Laurens Hammond wa Chicago aliuza kinanda cha umeme kisicho na bomba hata moja, akisema kwamba kinalingana na kile cha mabomba. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilimshitaki kwa kusema hivyo. Wasikilizaji walikusanywa katika kanisa la chuo kikuu cha Chicago, vinanda vyote viwili vikapigwa nyuma ya pazia, nao walikosea karibu mara moja katika kila tatu. Hammond alishindwa katika neno la sheria, mwaka 1938 akakatazwa kusema baadhi ya maneno yake. Lakini watu walikuwa wamesikia hesabu ile ya moja katika tatu, na makanisa maskini yalinunua. Chepesi, hata hivi, hakikuwa: Hammond B-3 ya mwaka 1954, pamoja na benchi na vikanyagio, inapita kilo 180.

Kupungua kwa uzito kulikuja polepole, na mara ya kwanza kwa ajili ya wagonjwa. Wakati wa vita ya pili ya dunia Harold Rhodes alitengeneza piano ndogo kwa mabomba membamba ya alumini yaliyotoka katika ndege za vita, kusudi askari waliojeruhiwa waipige wakiwa vitandani. Piano yake ya jukwaani ya mwaka 1970, yenye vibao 73, ilikuwa na kilo 60 hivi. Yamaha CP-70 ya mwaka 1976 ilikuwa na nyuzi za kweli na iligawanyika vipande viwili kwa safari, lakini ilipita kilo 120. Mwaka 1983 ilikuja DX7, kilo 14, bila uzi wala nyundo. Wapigaji walishukuru kwa migongo yao na kunung'unika kwa masikio yao.

Tangu hapo jambo moja limegeuka ambalo korali yetu ya Likasi haijaliona bado. Zamani sauti yenyewe ndiyo iliyokuwa na uzito: bomba, uzi, ulimi. Leo sauti ya piano imerekodiwa na kutunzwa katika kipande kidogo kuliko ukucha. Haina uzito tena. Yamaha CP88 ya jukwaani ina kilo 18 na nusu kupita kidogo. P-125 ya kampuni ile ile ina karibu 12. Zote mbili zina vibao 88. Uzito uliobaki unatoka kwa sehemu kubwa katika vibao, na nyundo zake ndogo za ndani, na sanduku la chuma. Ndiyo kusema korali haichagui kati ya sauti na kubebwa, kama inavyofikiri. Inachagua kati ya vidole na kubebwa. Nalo si neno dogo. Kijana anayejifunza juu ya vibao vilegevu, siku atakapoketi mbele ya piano ya kweli au kinanda cha kanisa kuu, vidole vyake havitakuwa na nguvu, na mguu wake hautajua vikanyagio. Wanaodai piano nzito wanatetea elimu ya mpigaji, hata kama wanasema wanatetea masikio ya Mungu.

Sauti ambayo watu wataisikia inategemea kitu kingine: kipaza-sauti, na nyumba. Piano ya kilo 19 iliyounganishwa na kipaza-sauti kibovu, chini ya bati, wakati mvua ya Januari inapopiga, itasikika vibaya kuliko ile ya kilo 12 yenye kipaza-sauti chema. Tena liko neno la umeme. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira, si mbali na Likasi, linatoa umeme tangu mwaka 1930, na nyaya zake zilivutwa kwanza kwa ajili ya viwanda vya shaba. Watu wa vijiji wanaishi chini ya nyaya hizo na mishumaa. Piano isiyokwenda bila umeme wa mji haitaingia shapeli hizo hata ikiwa nyepesi kama unyoya. Casio ilitoa mwaka 2019 piano yenye vibao 88, PX-S1000, kilo 11 tu, inayokwenda kwa betri sita ndogo za tochi. Sauti yake hatutaisifu kupita kiasi. Lakini vibao vyake si vilegevu kabisa, na katika shapeli ya watu themanini inatosha.

Basi tulimjibu padri hivi: nunueni nyepesi yenye vibao 88, na feza iliyobaki muitie katika kipaza-sauti kizuri kimoja na betri ya gari. Kipaza-sauti kikae parokiani kwa Misa kubwa, piano itembee. Kwa vidole vya vijana, wapelekeni mara moja kwa mwezi penye piano ya kweli, kama iko kwa masista au shuleni, wajizoeze huko. Na kwa zile Dominika ambazo piano iko njiani, msijaze pahali pake na kitu kingine. Imbeni bila kinanda, na ngoma, tena msikilize vema kama sauti zinaanza kwenda zenyewe pale ambapo vibao havifiki.

Hawajakubali wote. Mwalimu wa korali, mtu tunayemheshimu, anasema kwamba tunampa mpigaji wake nusu ya chombo. Pengine ana haki. Watakutana tena baada ya Pasaka, na katekista wa shapeli iliyo mbali kupita zote ameombwa aje na urefu wa kibebeo cha baiskeli yake, umeandikwa kwa sentimeta.